Jogoo Aliyevaa Ndani Nje

Mama yangu na mjomba wangu walikaa miaka tisa bila kusemezana, na miaka yote hiyo mdomo waliokuwa wakiutumia ni wangu. Mama ni fundi cherehani. Mjomba, mdogo wake wa mwisho, ni mchora mabango. Duka letu na kibanda chake vinatazamana, katikati pana barabara ya hatua sita tu. Basi mama anasimama mlangoni, mjomba yuko kwake anakoroga rangi na kila kitu anakisikia, halafu mama ananigeukia mimi: "Mwambie mjomba wako ngazi yake inazuia wateja." Na mjomba, bila kuinua kichwa: "Mwambie mama yako nimesikia." Mimi ni mtu mzima, nina mume na watoto wawili, wenzangu wamenifanya waya wa simu.

Wahenga walisema ndugu wakigombana shika jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Haya, mimi nimelima miaka tisa. Kapu hata kulinunua sikuwahi.

Mjomba mtaani wanamwita Herufi. Ukilitaja jina lake la kuzaliwa watu watakuuliza umetokea wapi. Alianza akiwa na miaka kumi na sita kwa kuandika namba za milango, akapanda mpaka kwenye maduka, mikokoteni, magari ya mizigo na mageti ya shule. Kidole chake kidogo hukiegemeza ukutani, huvuta pumzi, akaishikilia, na herufi ikatoka imenyooka bila rula. Hupumua akimaliza. Ndiyo maana ukimsalimu yuko katikati ya herufi haitikii, na wasiomjua humwona ana kiburi. Brashi hufutia kwenye paja la kulia la suruali, na ile suruali ukiitazama vizuri unaupata mji mzima: bluu ya duka la dawa, nyekundu ya bucha, kijani cha duka la mbegu.

Ana kasoro mbili. Ya kwanza, hunakili. Unachomwekea mbele ndicho utakachokipata, hapunguzi wala haongezi. Mwenye hoteli aliwahi kumpa karatasi ya mfano iliyomwagikiwa chai pembeni, akarudishiwa bango safi sana lenye doa la chai pembeni. Kasoro ya pili ni sura za watu. Herufi anaziweza, maua anayaweza, hata ng'ombe anamweza, lakini sura ya mtu humkimbia.

Hiyo ya pili ndiyo iliyoleta balaa. Duka la mama lilipotimiza miaka ishirini, mjomba alimpa zawadi ya bango kubwa la mbao, jina la duka upande mmoja na sura ya mama upande wa pili. Mtaa wote ulikuja kushuhudia likitundikwa. Kitambaa kilipoondolewa, shingo ya mama ilikuwa ya bata bukini, jicho moja linamtazama mteja, jingine linatazama kama mteja kaja na mwenzake. Watu kwa adabu zao wakanyamaza kimya. Aliyecheka ni mjomba mwenyewe, juu ya ngazi, akicheka mpaka ngazi inatikisika.

Yeye husema alicheka kwa aibu, kwamba mtu akijikwaa mbele za watu si hucheka. Nakubali. Lakini mama aliona vingine. Aliona mtoto aliyembeba mgongoni, ambaye yeye aliacha shule ili kumlea mama yao alipougua, leo yuko juu anamcheka hadharani. Akasema, "Kumbe ndivyo unavyoniona." Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyomwambia. Siku ya tatu mjomba alikuja dukani, akasimama. Mama akakanyaga cherehani kwa nguvu mpaka huwezi kusikia hata kikohozi chako. Mjomba akaondoka. Tangu hapo mmoja akawa anangoja kuombwa radhi, mwingine anangoja kutazamwa usoni ndipo aombe, na mimi katikati nalima.

Sasa njoo mwaka huu. Wiki nne kabla ya karnivali, mjomba aliniita kibandani akaniambia anahama. Binti yake anaishi mji wa mbali, safari ya siku nzima, amemtaka akakae na wajukuu. Mabango siku hizi yanatoka mashineni, ya plastiki, dakika kumi tu, na yeye kwa mwezi mzima alikuwa ameandika herufi tano, FUNGA mlangoni kwa muuza mbwa.

"Basi la kwenda huko ni Jumapili, kesho ya karnivali, saa nne asubuhi," akasema. "Mwambie mama yako."

Nilivuka barabara nikamwambia. Mama hakuinua macho. "Mwambie mjomba wako safari njema," akasema, akaendelea kushona. Uzi ulikuwa umekwisha kwenye sindano. Alishona mguu mzima wa suruali bila uzi, mimi nikimtazama, na alipoutoa chini ya sindano ulikuwa na matundu tu. Hapo ndipo nilipojua hawa wawili wakiachana Jumapili hivyo hivyo, hawataonana tena wakiwa wazima. Nilishikwa na hasira, tena hasira ya kweli. Watu wazima na mvi zao.

Wiki ile ile mwenyekiti wa kamati ya karnivali, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya kengele, alikuja kwa mjomba. Wanataka mchoro mkubwa kwenye ukuta wa ghala linalotazama uwanja, mchoro wa karnivali yenyewe: wachezaji na mavazi yao, ngoma, tarumbeta, kila kitu. Mjomba akakataa. Mwenyekiti akabembeleza. Mjomba akauliza swali moja.

"Kila mtu atakuwa amevaa kinyago?"

"Kila mtu."

"Usoni?"

"Sasa kinyago huvaliwa wapi, Herufi?"

"Basi nitachora," akasema mjomba.

Alitundika turubai mbele ya ukuta akaingia nyuma yake na ndoo zake. Siku ya pili tu akanifuata. Anataka kuziona nguo. Na nguo zote za karnivali, thelathini na moja, hushonwa na mama: jogoo, twiga wa watu wawili, mfalme wa miguu ya miti, samaki, vipepeo. Nikamwambia kwamba mama akijua atanishona mdomo. Akanitazama tu. Mjomba ana macho ya kuomba, tangu zamani.

Basi ikawa hivi. Mama akishakula mchana hulala nusu saa, kichwa juu ya cherehani, na hakuna king'ora kinachoweza kumwamsha. Mimi natia nguo mbili kwenye mfuko wa dobi, navuka, nazunguka ghala, naingia chini ya turubai. Mjomba anazitundika kwenye msumari, anachora haraka haraka, pumzi kaishikilia, halafu mimi narudi mbio. Nilijiona mwizi, na nitasema ukweli, nilifurahi kupita kiasi. Sikuwa nimefanya jambo la siri tangu niolewe. Jogoo nilimpeleka Jumanne ya wiki ya mwisho, mara moja tu, kwa sababu ni mkubwa na mkia wake hauingii vizuri mfukoni.

Siku hiyo hiyo ya jogoo, mjomba aliniuliza huku akichora, kama mtu anayeuliza habari za mvua.

"Lile bango alilichoma siku ile ile, au alingoja?"

"Bango gani?"

"La sura yake."

"Hakulichoma, mjomba. Ndiyo meza tunayokatia vitambaa. Aliligeuza sura chini, akalipigilia miguu mwenyewe."

Akaketi. Aliketi juu ya kopo la rangi ya njano lisilofunikwa vizuri na hakujali.

"Miaka yote tisa?"

"Kila siku ya Mungu."

Kisha akaniambia nichukue jogoo wangu niende, na kuanzia siku ile hakuniruhusu tena kuvuka turubai.

Siku ya karnivali ikafika, na wewe kama hujawahi kuwa kwa fundi nguo asubuhi ya karnivali, hujaona vurugu. Saa moja duka lilijaa watu nusu wanyama nusu binadamu. Twiga wa nyuma alikuwa na kwikwi, na kila akikwama pumzi twiga mzima anaruka. Muuza nyama, ambaye ndiye jogoo kila mwaka na kila mwaka hunenepa, alikuwa ameshikwa na watu watatu wanamkaza ndani ya vazi. Mama sindano mdomoni, utepe wa kupimia shingoni, ndara mbili tofauti miguuni, moja yake, moja ya marehemu baba, kwa sababu mguu wa kushoto humvimba akisimama sana. "Vuta pumzi," akamwambia muuza nyama. "Ukiitoa kabla ya saa sita, sikujui."

Ngoma zikaanza. Jamani, zile ngoma zikianza hata mwenye deni la huzuni hulisahau. Watu walijaa pande zote mbili za barabara, wengine juu ya mapaa, tarumbeta zinajibizana, vipepeo wanazunguka, mfalme wa miguu ya miti anachungulia madirisha ya ghorofani na kuwasalimu watu mezani kwao. Jogoo alikuwa akiwika kwa sauti ya muuza nyama anayeita wateja. Mimi nilicheza mpaka kilemba kikaniteleza, na mume wangu akajifanya hanijui.

Na mama, kama kila mwaka, alikuwa nyuma kabisa. Yeye hajawahi kuvaa vazi. Hufuata msafara na sindano na uzi, kwa sababu lazima kitu kipasuke, na kikipasuka hushona huku anatembea, kainama, mwenye vazi akiendelea kucheza. Miaka ishirini na tisa ya karnivali, na hakuna picha hata moja ya mama. Wapiga picha hukaa mbele.

Tukafika uwanjani. Mwenyekiti akatoa hotuba, na hotuba ikazidiwa na ngoma, tukashukuru. Akavuta kamba. Turubai likashuka upande mmoja, upande wa pili ukanasa kwenye msumari. Watu wakaguna. Mfalme wa miguu ya miti akapiga hatua mbili, akanyoosha mkono kule juu, akalinasua. Likaanguka lote.

Nilidhani nimeuona ule mchoro nikiwa napeleka nguo. Sikuwa nimeona kitu. Ukuta wote ulikuwa unacheza. Karnivali nzima ilikuwa pale, ukubwa wa watu wenyewe, inatujia sisi tulioijia: samaki kapinda kiuno, vipepeo mabawa wazi, tarumbeta zimeelekea mbinguni, twiga mguu mmoja hewani. Huwezi kuamini ni mkono wa mtu aliyekuwa akiandika FUNGA. Watu walikimbilia ukutani kujitafuta. "Mimi huyu, mimi huyu, tazama mkanda wangu." Twiga wa mbele na twiga wa nyuma waligombania nani kapendeza zaidi. Muuza nyama alimwona jogoo wake mwishoni mwa msafara, akasimama mbele yake kifua mbele na kuwika, na watu wakapiga makofi.

Mjomba alikuwa kasimama pembeni peke yake, kofia mkononi. Hakuwa akiutazama mchoro. Alikuwa akiitazama njia anayopitia mama.

Mama akaja mwisho, kama kawaida yake, sindano mdomoni. Watu wakampisha. Akatazama ukuta kutoka mwanzo, polepole, na sikuona kitu usoni kwake mpaka alipofika kwa jogoo. Hapo ndita zikamjaa.

"Nani kamvisha huyu jogoo?" akauliza.

Nikatazama. Jogoo alikuwa na mishono nje. Bitana ya kijivu nje. Alama za chaki, nje. Hata bandi, ule mshono wa muda wa uzi mweupe, niliyomshikizia mimi mwenyewe Jumatatu ilikuwa pale, kila mshono mahali pake, imechorwa kwa usahihi wa ajabu. Nguo hushonwa ikiwa imegeuzwa, kila fundi anajua; ikiisha ndipo unaipindua. Mimi nilimpeleka Jumanne, na tulimpindua Alhamisi. Na mjomba, wa doa la chai, alichora alicholetewa. Watu mia tano waliutazama ule mchoro na hakuna aliyeona, hata jogoo mwenyewe.

Mama akaenda mpaka ukutani. Akaweka kidole begani kwa jogoo, kwenye mshono, akakifuata. Nilimwona anaukagua, maana mshono mbaya hawezi kuupita, hata wa rangi. Kidole kikashuka ubavuni, kikazunguka paja, kikafuata mkia. Mwisho wa mkia kikakutana na mkono wa mtu ulioshika sindano.

Alikuwa mwanamke kainama, katupa mgongo. Uso hauonekani. Utepe wa kupimia unaning'inia shingoni, gauni limebana mabegani, ndara ya kulia ya bluu, ya kushoto ya kahawia na kubwa kupita mguu. Anamshonea jogoo mkia huku jogoo anacheza. Kidole cha mama kilibaki pale pale.

Nilijua ameona. Nikangoja. Mjomba naye anangoja, kofia kaifinyanga kama kitambaa cha kufutia brashi. Kesho saa nne basi linaondoka.

Mama bila kugeuka akasema, "Mwambie mjomba wako jogoo wake kavaa ndani nje."

Sijui nini kilinipanda. Labda ngoma, labda miaka tisa. "Mama," nikasema, "simu imekatika leo. Huyo hapo, mwambie mwenyewe."

Sijawahi kumjibu mama hivyo maishani. Mama akatoa sindano mdomoni, akaichomeka kifuani kwenye gauni, akageuka.

"We mdogo wangu," akasema, na sauti ilikuwa na kutu, "jogoo kavaa ndani nje."

"Ndivyo alivyoletwa, Dada," akasema mjomba.

Mama akanitazama mimi. "Nitaongea na wewe," akasema. Kisha akarudisha kidole ukutani. "Na huyu? Huyu nani alikuletea?"

"Huyo sikuletewa." Mjomba alikuwa analia na hajifichi. "Uso ulinishinda, Dada, unajua. Mpaka leo sijui kwa nini nilicheka. Lakini huo mgongo ndio nilioukalia mpaka nikajua kutembea. Nikifumba macho nauchora."

Mama alilia. Alilia wazi wazi, mbele ya samaki na vipepeo, na mimi nililia, na twiga wa nyuma, ambaye hakuona kitu humo ndani, aliuliza kuna nini akashikwa na kwikwi. Ndipo ikasikika sauti ya kitambaa kinachanika. Muuza nyama alikuwa ametoa pumzi.

"Fundi," akaita kwa unyonge, "mkia wangu."

Mama akafuta uso kwa utepe wa kupimia, akachomoa sindano kifuani. Akamwambia mjomba, "Mgongo umeupatia. Jogoo umemharibu. Kesho njoo dukani umuone upande wake."

"Kesho nasafiri, Dada. Basi la saa nne."

"Njoo saa mbili," akasema mama, akainama nyuma ya jogoo.

Alifika saa moja na nusu, na sanduku lake, kavaa suruali ya rangi zote. Mama alimtandikia jogoo juu ya meza, akampindua taratibu, akamwonyesha: hapa ndani, hapa nje. Mjomba akatikisa kichwa kama mwanafunzi na kusema atamrekebisha. Mama akauliza atamrekebisha akiwa wapi, kwenye basi? Mjomba akalitazama sanduku lake. Mama akamwondoa jogoo, akasafisha meza kwa kiganja.

"Shika upande huo," akasema.

Wakaibeba ile meza wawili, wakaipindua, miguu juu. Na upande uliokuwa chini, imefifia kidogo, imejaa utando wa buibui, ilikuwepo ile shingo ya bata bukini na yale macho, moja kwa mteja na jingine kwa mwenzake. Mjomba akauma midomo, akakazia macho viatu vyake. Hakuthubutu. Nilimwona mashavu yakimtetemeka.

Aliyeanza kucheka ni mama. Kwanza puani, halafu mabegani, halafu akashika cherehani asianguke. Sikumbuki mama kucheka hivyo tangu baba alipokuwa hai.

Mjomba akanigeukia, macho yamejaa machozi, kashikilia pumzi kama yuko katikati ya herufi. "Mwambie mama yako," akasema, "naomba ruhusa ya kucheka."

Nikamwambia. Ruhusa akapewa, na basi la saa nne lilipopita mbele ya duka likipiga honi, hakuna aliyelisikia.